Siri ya nyota zinazolipuka kwa mng'ao uliokithiri

WAHENGA walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Vivyo hivyo, kila mwanga uonekanao angani una chanzo chake, na ni jukumu la wataalamu wa elimu ya nyota kukitafuta.

Jukumu hilo liliingia ugumu mpya mnamo Septemba 2006, ulipogunduliwa mlipuko wa nyota katika galaksi ya NGC 1260, umbali wa miaka-mwanga takriban milioni 240 kutoka duniani. Mlipuko huo, uliopewa jina SN 2006gy, ulichukua siku 70 hivi kufikia kilele chake, ilhali milipuko mingine aghalabu huchukua wiki tatu au chini ya hapo. Ulipofika kileleni, uling'aa kuliko makumi ya mabilioni ya majua yakiwekwa pamoja.

Nyota inayolipuka huitwa supanova. Zile zenye mng'ao uliokithiri, kama SN 2006gy, huzishinda za kawaida kwa mara 10 hadi 100. Swali ni je, nguvu hizo zote hutoka wapi?

Jibu si mlipuko wenyewe. Mabaki ya nyota hutawanyika kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na gesi inapotanuka hupoa, mithili ya hewa inayofoka kutoka kwenye gurudumu la gari. Maadamu mwanga hudumu kwa wiki au miezi, sharti pawe na kitu kinachoendelea kuchochea moto huo baada ya mlipuko.

Katika supanova nyingi za kawaida, kichocheo hicho ni nikeli isiyo thabiti inayoundwa wakati wa mlipuko. Nusu yake huoza kila baada ya siku 6 na kuwa kobalti, nayo nusu ya kobalti huoza kila baada ya siku 77 na kuwa chuma. Uozo huo hutoa nishati.

Hata hivyo, hesabu hiyo hugonga mwamba katika supanova zenye mng'ao uliokithiri. Nyingine zingehitaji nikeli yenye uzito wa majua kadhaa, wakati mwingine kuliko uzito wa mabaki yote yaliyorushwa angani. Ni sawa na kudai kwamba gunia la kilo 90 limetoa kilo 100 za mahindi.

Kutokana na hali hiyo, wanasayansi wametoa maelezo matatu makuu.

Kwanza, huenda nyota yenyewe ni jitu, yenye uzito wa majua 140 hadi 260. Kiini cha nyota kama hiyo hupata joto kali kiasi kwamba sehemu ya mwanga wake hugeuka kuwa chembe za elektroni na positroni. Mwanga ukipungua, msukumo unaoizuia nyota isijiangukie hupungua pia. Nyota hujibana ghafla, huwaka kwa mkupuo na kusambaratika yote, ikiacha nikeli tele. Mnamo 2009, maelezo haya yalitolewa kuhusu supanova SN 2007bi.

Pili, kiini cha nyota kilichoporomoka huenda kikaacha magneta, yaani nyota ya neutroni yenye upana wa kilomita 20 hivi na nguvu za sumaku zinazozidi za dunia matrilioni ya mara. Ikizaliwa ikizunguka mamia ya mara kwa sekunde, sumaku hiyo huwa kama breki: mzunguko hupungua na nishati yake huyapasha joto mabaki. Daniel Kasen na Lars Bildsten, na vilevile Stan Woosley, walieleza hayo mnamo 2010.

Kenya ina nafasi yake katika historia ya utafiti wa nyota za neutroni. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari karibu na Malindi, ilinasa mipigo ya eksirei ya Centaurus X-3, inayojirudia takriban kila sekunde 4.8. Ilibainika kwamba mipigo hiyo hutokana na nyota ya neutroni inayozunguka.

Tatu, huenda ni mgongano. Nyota ikimwaga gesi nyingi kabla ya kulipuka, mabaki ya mlipuko huigonga gesi hiyo na mwendo wake hugeuka kuwa mwanga. Nishati ya mwendo katika supanova ya kawaida ni takriban mara 100 ya ile inayotoka kama mwanga, hivyo ikigeuka kuwa mwanga yaweza kuleta mng'ao mkubwa.

Mnamo 2007, SN 2006gy ilidhaniwa kuwa kifo cha nyota jitu. Lakini mnamo 2020, Anders Jerkstrand, Keiichi Maeda na Koji Kawabata walionyesha kuwa mwanga wake uliopimwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mlipuko ulikuwa na alama za chuma kingi. Kwa maelezo yao, iliyolipuka ilikuwa nyota kibete nyeupe, yenye ukubwa unaokaribia wa dunia, ikiwa imezingirwa na gesi nzito. Mng'ao ulitokana na mgongano.

Kwa hivyo, ukubwa wa mwanga pekee hautoshi kumtambulisha aliyeuwasha. Leo hii wataalamu wengi huipa magneta kipaumbele katika supanova zisizo na haidrojeni, na mgongano katika zile zenye haidrojeni. Kituo cha Vera C. Rubin nchini Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kinatarajiwa kufichua nyingine nyingi.

Jawabu lina uzito. Chuma kilichomo katika jembe la mkulima na katika damu ya binadamu kilifuliwa ndani ya nyota zilizolipuka. Anayekosea kuhusu kilicholipuka atakosea pia kuhusu asili ya chuma hicho.