Tarakilishi isiyo na skrini: Jinsi ya kuiwekea mfumo endeshi kupitia kebo ya siriali

WENGI wetu huamini kwamba tarakilishi isiyoonyesha chochote ni mbovu. Hata hivyo, zipo mashine ambazo hazikuundwa ziwe na skrini wala kibodi. Mfano mzuri ni apu2, bamba dogo la kampuni ya PC Engines ya Uswisi, ambalo limetumiwa sana kama ruta na kinga ya mitandao ya afisi.

Katika afisi moja niijuayo, bamba la aina hiyo lilikuwa limetengwa litupwe. Fundi alikuwa ameunganisha kebo, akaona vialama vya ovyo visivyosomeka, akahitimisha kuwa limeungua. Kumbe programu yake ilisikiliza kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde ilhali bamba lilizungumza kwa 115,200. Alipobadilisha tarakimu hiyo, maandishi yalitokea yakiwa sahihi kabisa, na kifaa kikarudishwa kazini.

Mlango wa siriali hupitisha data biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Kanuni zake, zinazoitwa RS-232, zilitolewa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1960, wakati ambapo watu waliwasiliana na tarakilishi kupitia mashine za kupiga chapa zilizounganishwa kwa nyaya. Mashine hizo zilifupishiwa jina kuwa tty, na ndiyo sababu hadi leo mfumo wa Linux huuita mlango wa kwanza wa siriali ttyS0.

Mahitaji si mengi: tarakilishi ya pili, kebo, na programu kama PuTTY au minicom. Kebo yenyewe lazima iwe ya kupishanisha, yaani pini ya kutuma ya upande mmoja ifike kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili. Kwa kuwa tarakilishi nyingi za kisasa hazina mlango huu, mtu hutumia kigeuzi cha USB. Hapa tahadhari inahitajika. Vipo vigeuzi vya volti 3.3 vilivyokusudiwa vifaa kama Raspberry Pi, ilhali RS-232 huweza kufikia volti 15, chanya au hasi. Anayevichanganya huenda akaunguza kigeuzi au bamba.

Baada ya kuunganisha, fungua programu, chagua kasi ya 115,200, biti nane za data, bila biti ya ukaguzi, na biti moja ya kusimamisha. Kisha chomeka flashi yenye kisakinishi na uwashe umeme. Apu2 hukupa sekunde chache tu za kubonyeza F10 ili uchague flashi hiyo.

Hatua inayofuata ndiyo inayowakwamisha wengi. Kisakinishi hudhani kuna skrini, hivyo kisipoambiwa vinginevyo kitaendelea kuandika mahali ambapo hakuna macho. Kwa Debian, ongeza maneno haya kwenye mstari wa kuanzisha: console=ttyS0,115200n8. Herufi S ni kubwa. Ukiandika ndogo, utaketi ukitazama giza. Kwa OpenBSD, andika kwanza stty com0 115200, ubadilishe kasi ya programu yako ikiwa ilikuwa tofauti, kisha uandike set tty com0. Kuanzia hapo maswali huja kwa maandishi matupu, nawe unajibu kwa kibodi pekee.

Usishangae iwapo utatumia kasi ya 9,600 na kuona ukurasa ukijichora polepole. Kila herufi huhitaji biti 10, kwa hivyo skrini ya herufi 1,920 huchukua sekunde mbili nzima.

Kabla ya kuiwasha mashine upya, kumbuka kwamba kisakinishi na mfumo mpya ni vitu viwili tofauti. OpenBSD huuliza waziwazi iwapo com0 iwe konsoli ya kudumu, jibu ndiyo. Debian kwa kawaida huyahamisha maagizo yako, lakini inafaa kufungua faili ya /etc/default/grub na kuhakikisha kwamba maneno ya console yamo. Ukitaka hata menyu ya GRUB ionekane kupitia kebo, lazima uitaje siriali katika faili hiyo hiyo, kisha utumie amri ya update-grub.

Ukiisahau hatua hiyo, mfumo utawaka vizuri kabisa huku konsoli ikiwa kimya. Huenda ukaweza kuingia kupitia mtandao, mradi uliweka huduma ya SSH. La sivyo, rudisha flashi, anza tena katika hali ya uokoaji, na urekebishe faili hiyo. Hakuna haja ya kusakinisha upya.