Boya la Tangi Letu na Kompyuta za Wingu

Katika toleo hili ningependa kueleza jambo ambalo wengi wetu twalitumia kila siku bila ya kulijua, nalo ni mitambo inayojiendesha ambayo siku hizi imepewa kazi ya kusimamia kompyuta za wingu. Lakini kabla sijafika huko sina budi kuanza na tangi la maji la shule yetu, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza somo lenyewe, na nililipata kwa aibu.

Waliokuwapo shuleni mwezi wa Septemba 2025 watakumbuka. Nilikuwa Kidato cha Tatu, nami nilikuwa kiranja wa maji. Zamani kazi ya kiranja wa maji ilikuwa kupanda ngazi asubuhi na jioni, kuchungulia tangini, kisha kumwambia mlinzi awashe au azime pampu ya kisima. Mwanzoni mwa mwaka ule tulifungiwa boya. Boya ni kitu chepesi chenye swichi ndani yake, nacho huelea juu ya maji. Maji yakipungua, boya hushuka na pampu huwaka. Maji yakijaa, boya hupanda na pampu huzimika. Tulifurahi sana. Mimi nikaacha kupanda ngazi, na muda ule nikautumia kulala.

Jioni moja niliona maji yakitiririka kutoka bomba la juu la tangi. Nikasema moyoni, "Mashine inajua kazi yake," nikaenda zangu kula. Kumbe boya lilikuwa limenaswa na bomba ndani ya tangi likabaki chini, nayo pampu ikaendelea kama kwamba tangi ni tupu. Ikavuta maji usiku kucha. Kiangazi kilikuwa kimefika mwisho na kisima hakikuwa na maji mengi. Maji yakaisha kisimani, pampu ikazunguka pakavu mpaka ikaungua.

Kwa muda wa wiki tatu tuliteka maji katika visima vya mchangani mtoni. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walikosa kipindi cha kwanza kila siku, na mmoja wao alinionyesha viganja vyake vilivyochubuka kwa kamba ya ndoo, bila ya kuniambia neno. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua kwamba niliyaona maji yale. Leo naandika ili wajue.

Pampu ilipoungua, Mwalimu wetu wa Fizikia alituambia kwamba boya lile ni mdogo wake mitambo mikubwa inayosimamia kompyuta za dunia. Nilidhani anatutania. Baada ya kusoma na kumwuliza maswali mengi, naona kwamba alisema kweli.

Wingu ni nini?

Jina hili ni la mfano tu; si kitu kilicho angani. Ni kompyuta nyingi sana, ziitwazo seva, zilizopangwa katika majumba makubwa yenye umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza joto. Kampuni isiyotaka kununua kompyuta zake yenyewe hukodi sehemu ya hizo, ikaitumia kwa njia ya intaneti, na kulipia kadiri ilivyotumia. Ni kama mkulima anayekodi trekta kwa siku badala ya kulinunua.

Hapa nchini tunacho kituo cha taifa cha kuhifadhi data, kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam. Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali peke yao. Huduma ya kukodisha kompyuta ya kampuni ya Amazon, iitwayo EC2, ambayo ilitolewa mwaka 2006, ilitengenezwa na kikundi cha wahandisi waliofanya kazi Cape Town, Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Chris Pinkham.

Kwa nini mashine zisimamiwe na mashine?

Sababu ya kwanza ni wingi. Penye seva maelfu na maelfu, haipiti siku bila ya kitu kuharibika, na watu hawawezi kuzizungukia zote. Sababu ya pili ni kwamba kazi haiji kwa kipimo kimoja. Fikirini siku yanapotangazwa matokeo ya Kidato cha Nne. Watu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, pamoja na mikoa mingine yote, hutaka kuyaona kwa saa ile ile moja. Wiki moja baadaye ni wachache wanaoyatafuta. Mwenye tovuti ya namna hiyo akikodi seva chache, siku ile zitalemewa. Akikodi nyingi kwa mwaka mzima, atalipia zinazolala.

Mwaka 2001 Paul Horn, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa kampuni ya IBM, alitoa wito kwamba kompyuta zijifunze kutoka mwili wa binadamu. Sisi hatuuamrishi moyo upige, wala hatuiambii ngozi itoe jasho wakati wa joto. Mwili hujiangalia wenyewe, nasi tukapata nafasi ya kufikiri mambo mengine. Kampuni hiyo ikataja sifa nne za mtambo unaojisimamia: kujipanga, kujitibu, kutumia vyema vile ulivyo navyo, na kujilinda. Mwaka 2003 Jeffrey Kephart na David Chess wa kampuni hiyo hiyo walieleza hatua zake, nazo ni kutazama, kuchanganua, kupanga na kutenda, kisha kurudia tena bila kuchoka. Mkilikumbuka boya letu mtaona kwamba nalo hutazama na kutenda. Kinachokosekana ni hatua mbili za katikati, na hapo ndipo akili ya mtambo mkubwa ilipo.

Mitambo hiyo hufanyaje kazi?

Nitatoa mifano mitatu. Wa kwanza ni programu iitwayo Kubernetes, iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2014. Jina lake ni la Kiyunani, na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Mhandisi haiambii programu hii, "Washa hiki, zima kile." Huiambia hali anayoitaka: "Nataka nakala ishirini za programu yangu ziwe hai wakati wote." Kazi yake ni kuhesabu, na ikikuta moja imekufa, huanzisha nyingine mahali pake. Sisi watoto wa wafugaji twaielewa kazi hii upesi. Mzee akikukabidhi ng'ombe ishirini, jioni huhesabu ng'ombe zizini, na hakuna atakayelala mpaka wametimia.

Mfano wa pili ni kuongeza na kupunguza. Wakati wa kuvuna pamba, mwenye shamba huita vibarua, na pamba ikiisha huagana nao. Vivyo hivyo mtambo ukiona seva zinaanza kulemewa huongeza nyingine kwa dakika chache, na msongamano ukipungua huzirudisha, ili mwenye kazi asilipie bure.

Mfano wa tatu ni wa akili mnemba. Seva hutoa joto jingi, na kuzipoza ni gharama kubwa. Mwaka 2016 watu wa DeepMind, ambayo ni mali ya Google, walitangaza kwamba programu yao imepunguza umeme wa kupozea katika kituo cha data kwa asilimia 40. Wakati huo programu ilitoa shauri tu na watu ndio waliotenda. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba sasa programu inatenda yenyewe: kila baada ya dakika tano husoma vipimo vya maelfu ya vihisio, huchagua la kufanya, na kulifanya. Lakini angalieni jambo hili. Iliwekewa mipaka isiyoweza kuivuka, na waangalizi waliachiwa uwezo wa kuiondoa kazini wakati wowote. Waliojenga mtambo wenye akili kiasi hicho hawakuutupa ufunguo wa kuuzima.

Siku ubao ulipobaki mtupu

Mwezi mmoja tu baada ya pampu yetu kuungua, yaani tarehe 20 Oktoba 2025, jambo la namna ile ile liliipata kampuni ya Amazon katika vituo vyake vya jimbo la Virginia, Marekani. Kwa saa zetu ilikuwa saa 3:48 asubuhi. Huduma na programu nyingi za sehemu mbalimbali za dunia zilizotegemea vituo vile zikasimama.

Kampuni ilieleza chanzo chake baadaye. Ilikuwa na hazina kubwa ya data iitwayo DynamoDB, na ili kompyuta nyingine ziifikie zilihitaji orodha ya anwani zake. Orodha hiyo haikuandikwa na watu. Mtambo mmoja ulipanga, na mitambo mingine ilichukua mipango hiyo na kuibandika mahali pake.

Ili tuelewe kilichotokea, tufikirie ubao wa matangazo wa bweni. Kiranja mmoja amepewa orodha ya zamu ya wiki iliyopita, lakini amechelewa njiani. Kiranja wa pili anafika na orodha mpya, anaibandika, kisha anaanza kuziondoa orodha zote zilizopitwa na wakati. Hapo hapo yule aliyechelewa anafika, naye anabandika orodha yake ya zamani juu ya ile mpya. Wa pili anaiona ni ya zamani, anaibandua na kuichana. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, lakini ubao umebaki mtupu! Ndivyo ilivyokuwa. Orodha ya anwani ikawa tupu, na mitambo haikuweza kuirekebisha yenyewe. Ilibidi watu waitengeneze kwa mikono yao, na hazina ile ilikaa karibu saa tatu kabla ya kurudi sawasawa. Huduma nyingine zilichechemea kwa sehemu kubwa ya siku. Baada ya hapo kampuni iliizima mitambo ile duniani kote mpaka kosa lake lirekebishwe.

Niliposoma habari hiyo nilipata faraja kidogo, na hofu kubwa. Faraja ni kwamba hata wakubwa hunaswa na boya. Hofu ni kwamba kosa langu liliwanyima maji watu wa shule moja, na kosa la mtambo mkubwa huwagusa mamilioni kwa pigo moja.

Tena yako mambo ambayo mtambo hauwezi kuyatenda kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota sana hapa Tanzania na nchi jirani. Mitambo yaweza kuyapitisha mawasiliano katika nyaya zilizosalia, lakini waya uliokatika haukuunganishwa na programu. Meli ilitumwa ikiwa na mabaharia na mafundi.

Je, kazi zetu zitakwisha?

Hili ndilo swali ambalo wazee wetu huuliza likizoni. "Mwanangu, unasoma kompyuta, na kompyuta zenyewe zinajifunza kujiendesha. Utaajiriwa na nani?" Si swali la upuuzi, wala sitawadanganya. Kazi ya kukaa na kutazama taa zikiwaka na kuzimika inakwisha, na hairudi. Hata kazi yangu ya kupanda ngazi ilikwisha siku boya lilipofungwa, au hivyo nilidhani.

Lakini ni nani atakayeamua nakala ziwe ishirini? Nani ataweka mipaka? Na siku ubao utakapobaki mtupu, ni nani atakayejua orodha sahihi ilikuwaje? Kazi hizo zamtaka mtu aliyeielewa kazi yenyewe kabla ya kuikabidhi kwa mashine. Hatari ni kwamba mashine ikifanya vizuri kwa muda mrefu, mtu husahau. Mimi nilisahau katika miezi michache tu.

Kwa hiyo naona mambo matatu yatufaa sisi wanafunzi. Kwanza, tujifunze kazi kwa mikono yetu, hata kama mashine yaweza kuifanya. Pili, kila mtambo unaojiendesha uwe na mahali pa kuuzimia, na watu zaidi ya mmoja wapajue. Tatu, awepo mtu mwenye jina, anayewajibika kuutazama. Maana kazi ya wote huwa si ya yeyote.

Pampu mpya imefungwa, na boya lipo mpaka leo, kwa kuwa ni chombo kizuri. Ila chini ya ngazi umening'inizwa mfuko wenye daftari na kalamu. Kila siku saa 12 asubuhi na saa 12 jioni mmoja wetu hupanda, hupima kina cha maji kwa fimbo, huandika namba na kutia sahihi. Kiranja wa maji wa mwaka huu ni yule ndugu wa viganja vilivyochubuka. Juzi nilipitia daftari lake, na sikukuta siku hata moja iliyorukwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne