Meno ya Kichana na Karani Namba Saba

Nilikwenda Sinza kwa shida nyingine kabisa. Nilitaka mtu wa kunieleza kwa nini ripoti mbili za utafiti zimepishana juu ya jambo moja, nipate aya mbili za kumalizia habari yangu ya Jumatatu. Nikakuta vijana wanane wamebanana kwenye chumba cha ghorofani, feni inapiga kelele bila upepo, na ukutani projekta inamulika kitu nilichodhani ni hitilafu ya mashine.

Ilikuwa chati ya umri. Kwa kawaida chati ya namna hiyo huteremka taratibu kama mlima, watoto wengi upande mmoja, wazee wachache upande wa pili. Hii ilikuwa kichana. Kwenye 30, jino refu. Kwenye 31, pengo. Kwenye 35 jino fupi kidogo, na kwenye 40 likasimama jino la kutisha. Kwenye 41 hapakuwa na mtu hata mmoja. Katika kaya zote zilizotembelewa, hakuna binadamu aliyewahi kutimiza miaka arobaini na moja! Watu hufika arobaini, hupumzika hapo kwa muda wautakao, kisha huruka hadi arobaini na tano. Kadiri jicho linavyokwenda kulia ndivyo meno yanavyoachana, hadi kwenye 60, 70 na 80, ambako wazee wamesimama kama nguzo za umeme mbugani.

"Hawajadanganya hao, wamekadiria," ilisema sauti kutoka nyuma. Mama mmoja alikuwa akimenya chungwa, ganda linashuka bila kukatika. "Bibi yako ukimuuliza umri, atakwambia sabini na tatu?"

Wanafunzi humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo, maana ameomba jina lake lisitajwe. Alianza kama karani wa madodoso ya karatasi, akapanda hadi mchambuzi, na sasa Jumamosi hufundisha vijana kwa data za kazi anazopewa, majina ya waliohojiwa yakiwa yameondolewa. Mrundikano ule, alinieleza, una kipimo kilichobeba jina la Mmarekani George Chandler Whipple. Unachukua watu wa miaka 23 hadi 62, unahesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, unazidisha kwa tano, unagawa kwa idadi ya wote, kisha unazidisha kwa mia. Ukipata 100, hakuna mrundikano. Ukipata 500, kila mtu amekaa juu ya jino.

Kijana mmoja mwepesi wa vidole akaichambua chati kwa namba za makarani. Wengi walikuwa na meno ya kawaida. Karani namba saba alikuwa na manne tu: 30, 40, 50, 60.

"Huyu kakaa chini ya mwembe kajaza mwenyewe," kijana akasema. "Tumfute, Mwalimu."

Mwalimu akaweka chungwa chini. "Alipangiwa kijiji gani?" Kimya. "Alimhoji kila mtu, au baba alijibia nyumba nzima? Alikuwa na kalenda ya matukio?"

Kalenda hiyo ni karatasi tu. Mzee haulizwi mwaka aliozaliwa. Anaulizwa kama wakati wa Uhuru alikuwa anachunga mbuzi au ameshaoa, Operesheni Vijiji ilimkuta na watoto wangapi, na Nyerere alipofariki, Oktoba 1999, mjukuu wake alikuwa anatambaa au anakimbia. Kwa mtu mmoja ni dakika nyingi. Karani ana jua la utosi na kaya sita bado zinamngoja. Kishikwambi, ambacho tangu Sensa ya 2022 kila mtu anakijua, kinaweza kupangwa kimkatae mtoto aliyemzidi mama yake umri. Arobaini hakiikatai.

"Kuna mwaka nilileta jedwali," Mwalimu akasema, "likaonyesha akina mama wa kijiji kizima wanaamka saa tano asubuhi. Bosi akacheka, eti wavivu. Walisema saa kumi na moja, alfajiri. Karani akaandika 11 kama alivyosikia, na sisi ofisini tukaisoma kwa saa ya kizungu. Ningewafuta?"

Hapo nikaungama yangu. Niliwahi kuandika kwamba nusu ya wananchi wanalalamikia dawa, kumbe swali lile waliulizwa tu waliokwenda zahanati mwezi huo. Mwalimu hakunionea huruma. Alichukua kalamu, akaandika ubaoni: KATI YA NANI?

"Wewe ulisahau nani kaulizwa. Hawa wanasahau nani kaulizwa kupita kiasi." Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na Zanzibar ilikuwa na 1,889,773, yaani kama asilimia 3. Lakini Zanzibar ina mikoa mitano kati ya 31. Utafiti ukihoji watu sawa kila mkoa, ili kila mkoa upate takwimu zake, Wazanzibari watakuwa asilimia 16 ya sampuli. Asiyerudisha kila mtu kwenye uzito wake atatoa wastani wa nchi ambayo haipo.

Namba saba alikuwa bado ukutani. Mwalimu akapekua orodha ya mafunzo, akapata simu yake, akapiga. Haipatikani. Akaamuru jedwali kuu litolewe mara mbili, karani yule akiwemo na asipokuwemo. Asilimia zikasogea kidogo, ila zilitosha kubadilisha kichwa cha habari. Hilo mimi nililiona kabla yao.

"Yote mawili yaende kwenye ripoti," akasema, "na maelezo chini yake."

"Mteja atataka moja, Mwalimu."

Hakumjibu. Alirudia chungwa lake.

Jumatatu nilimpigia kujua kulikoni. Simu ya namba saba bado ilikuwa imezimwa. Ripoti inatakiwa Ijumaa.