Aikido: Mafunzo binafsi yasigeuke faragha

Katika kurasa hizi za familia tumekuwa tukiupa mwili haki yake katika malezi, kwani mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa aliitunza vipi. Wiki hii tumeona tulitazame jambo linalozidi kubisha hodi katika nyumba za Waislamu wa mijini, na hasa familia zetu zinazoishi Ulaya na Marekani. Mzazi anatafuta mchezo wa kujihami kwa ajili ya binti au kijana wake. Anafika kwenye darasa la aikido, anakuta wanaume na wanawake wamechanganyika, wanashikana mikono na kuangushana, naye anarudi nyuma. Hapo mwalimu humwambia kwamba mtoto anaweza kufundishwa peke yake, kwa saa maalumu na kwa malipo maalumu. Mzazi huona mlango umefunguka. Nasi twasema kwamba mlango umefunguka kweli, ila ni busara kuijua nyumba kabla ya kuingia.

Aikido ni nini?

Aikido ni sanaa ya kujihami iliyozaliwa Japani. Mwasisi wake, Morihei Ueshiba, alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe, mkoa wa Wakayama, akafariki mwaka 1969. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno matatu: “ai”, yaani kuungana au kupatana, “ki”, yaani nguvu au pumzi ya uhai, na “do”, yaani njia. Mwanafunzi wa aikido hashindani na nguvu ya anayemshambulia. Hufunzwa kuondoka katika mstari wa shambulio, kuipokea ile nguvu, kuizungusha, na kumwangusha mshambuliaji au kumbana kifundo cha mkono, kiwiko au bega mpaka atulie.

Katika jumuiya kubwa kuliko zote za sanaa hii, Aikikai, yenye makao makuu jijini Tokyo, hakuna mashindano wala medali. Watu hufanya mazoezi wawili wawili kwa zamu: mmoja hushambulia na kuangushwa, kisha hubadilishana. Lipo tawi jingine lililoanzishwa na Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Ueshiba, ambalo lina mashindano. Lakini kwa walio wengi aikido ni mazoezi ya kupeana mwili kwa uaminifu. Leo mimi nakuazima mkono wangu, kesho wewe waniazima wako, na kila mmoja hurudisha alichoazimwa kikiwa salama. Hili tulishike vyema, kwa maana ndilo litakalotuongoza katika yote yanayofuata.

Asili ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja

Wapo wanaodhani kwamba mafunzo ya mtu mmoja mmoja ni biashara ya zama hizi. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1912 Ueshiba alihamia kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido pamoja na walowezi wenzake wa Kijapani. Huko, mwaka 1915, alikutana na Sokaku Takeda, bingwa wa sanaa ya kale iitwayo Daito-ryu, ambaye alizunguka nchi nzima akifundisha kwa malipo. Ueshiba alimkaribisha bwana huyo nyumbani kwake, akamhudumia na kumlipa, ili apate kufundishwa kwa karibu. Kutokana na elimu hiyo, baada ya miaka mingi ya kuichambua na kuibadili, ndipo ilipotoka aikido.

Takeda alikuwa na desturi moja ya kupigiwa mfano: aliweka daftari la majina ya wanafunzi wake na daftari la malipo waliyotoa. Elimu ilikuwa ya karibu sana, lakini hesabu na ushahidi viliwekwa wazi. Mzazi wa leo naye asione haya kutaka stakabadhi, saa zilizoandikwa, na jina la mwalimu wa mwalimu.

Mwaka 1931 Ueshiba alifungua ukumbi wake wa mafunzo, yaani dojo, jijini Tokyo. Miongoni mwa waliojifunza hapo katika miaka hiyo ya 1930 alikuwamo mwanamke, Takako Kunigoshi, ambaye ndiye aliyechora michoro ya kitabu cha mafunzo kilichotolewa mwaka 1933. Kwa hiyo anayesema kwamba sanaa hii haikuwa na nafasi ya mwanamke hakuisoma historia yake.

Anayeanza hupata nini?

Kwa anayeanza, faida kubwa ya kufundishwa peke yake ni kujifunza kuanguka. Msingi wa aikido hauanzi kwa kuangusha, huanzia kwenye ukemi, yaani namna ya kupokea shambulio la mwenzako na kufika chini bila kuumia. Mwanafunzi hufunzwa kuingiza kidevu kifuani, kuukunja mgongo kama mviringo, kubingirika mbele kupitia begani, na kurudi nyuma bila kisogo kugusa mkeka. Darasani, penye watu ishirini, mgeni huanguka anavyojua mwenyewe, huku mwalimu yuko upande mwingine wa ukumbi. Akiwa peke yake, kila anguko huonwa na kusahihishwa.

Jambo hili si dogo. Ipo mbinu iitwayo shihonage, ambayo humkunja mtu mkono juu ya bega lake na kumwangusha chali. Asiyejua kuanguka hupiga kisogo chini. Huko Japani vimewahi kutokea vifo na majeraha makubwa ya kichwa katika vilabu vya wanafunzi wa aikido, na mbinu hii imetajwa miongoni mwa sababu. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayemwangusha mtoto kwa shihonage katika wiki ya kwanza si mwalimu wa kumkabidhi mwanao. Vivyo hivyo kwa mbinu za kubana kifundo cha mkono: viungo vya mtoto anayekua bado ni laini, na havibanwi kwa nguvu kamili. Mtoto na afundishwe siku ya kwanza kabisa kwamba akipiga mkeka kwa kiganja, anayembana humwachia papo hapo. Mwalimu asiyeiheshimu ishara hiyo mara moja, hastahili kupewa mara ya pili.

Mwenye uzoefu naye?

Aliyefanya mazoezi kwa miaka naye ana haja zake. Huenda anajiandaa kwa mtihani wa daraja. Huenda aliacha kwa sababu ya uzazi, safari au maradhi, na sasa anarudi. Huenda ana goti au bega bovu, anataka kujua namna ya kulitumia bila kuliumiza zaidi. Au ana kosa sugu lililojificha ndani ya mazoea: hunyanyua mabega, huegemea mbele, hutumia nguvu za mikono badala ya kiuno. Darasa haliwezi kusimama kwa ajili ya kosa la mtu mmoja. Saa moja ya mafunzo binafsi yaweza kulifichua, na wiki za darasa zitakazofuata zikalirekebisha.

Pamoja na hayo, kuna kikomo ambacho wauzaji wa masomo hawakitaji. Aikido huhitaji miili mingi. Anayefundishwa na mtu mmoja daima huzoea urefu mmoja, uzito mmoja na mwendo mmoja. Tena mwalimu hujua kuanguka, na aghalabu huanguka kwa hisani. Mwanafunzi akadhani ni ustadi wake. Atakapokutana na mtu mzito, mwenye mkono mgumu na asiye na hisani, ndipo atakapojua kipimo chake. Ushauri wetu ni kwamba mafunzo binafsi yawe kitoweo, na darasa liwe wali. Familia isiyoridhia darasa la mchanganyiko inaweza kuwakusanya mabinti watatu au wanne wa jamaa na majirani wakafundishwa pamoja na mwalimu wa kike. Gharama itagawanyika, na kila mmoja atapata miili tofauti ya kufanyia mazoezi.

Subira nayo inahitajika. Kwa kanuni za Aikikai, anayetaka kufanya mtihani wa daraja la kwanza la chini, kyu ya 5, hutakiwa awe amefanya mazoezi siku zisizopungua 30. Na daraja la kwanza la mkanda mweusi, shodan, halitolewi kwa aliye chini ya miaka 15. Anayemwahidi mzazi kwamba bintiye ataweza kujihami barabarani baada ya miezi miwili anauza upepo. Kinachokuja mapema ni kusimama imara, kuanguka salama, na kutoshtuka anaposhikwa mkono. Hayo nayo si haba.

Binafsi ni kitu kimoja, faragha ni kingine

Sasa tufike penye kiini. Lugha yetu ina utajiri wa kutofautisha mambo haya mawili. Mafunzo binafsi ni yale ambayo mwalimu amemwelekea mwanafunzi mmoja. Faragha ni kujitenga mahali pasipoonwa na wengine. La kwanza halihitaji la pili. Dini yetu imekataza mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa faragha wawili peke yao, na katazo hilo halikuweka msamaha kwa walimu, si wa madrasa, si wa tuisheni, wala si wa aikido. Tena tusijidanganye kwamba hatari ni kwa mabinti tu. Mtoto wa kiume naye ana mwili na ana heshima, na wanaodhuru watoto hawachagui.

Aikido ni sanaa ya kushikana. Mwalimu hana budi kuugusa mkono, bega na mgongo wa mwanafunzi. Kwa hiyo kwa binti aliyebaleghe, mwalimu na awe mwanamke. Kwa mtoto yeyote, mlango na uwe wazi, na mzazi au mlezi awepo. Tena hili si jambo geni katika sanaa yenyewe. Wajapani wana neno lake, mitori-geiko, yaani mazoezi ya kutazama: mtu aliyeumia au aliyechoka huketi kando ya mkeka na kujifunza kwa macho. Basi mama anayeketi kando ya mkeka haivunji adabu ya dojo, yuko ndani ya desturi yake. Mwalimu atakayesema kwamba uwepo wa mzazi unaharibu somo, amejibu swali ambalo hatukumuuliza.

Linabaki suala la kuinama. Somo la aikido hufunguliwa na kufungwa kwa salamu: mwanafunzi hupiga magoti, huweka viganja chini na kuinamisha kichwa kuelekea mbele ya ukumbi, ambapo aghalabu pametundikwa picha ya mwasisi, kisha kwa mwalimu. Kwa Wajapani hiyo ni ada ya heshima. Kwa Muislamu, umbo lake linafanana mno na rukuu na sijda, ambazo hatumpi yeyote ila Mwenyezi Mungu, na katika mapokezi ya Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama mtu amwinamie ndugu yake anapokutana naye, akakataza, akaridhia kupeana mkono. Wenye kutaka ufafanuzi zaidi wawarudie masheikh wao. Sisi twaongeza neno moja la kivitendo: jambo hili lizungumzwe kabla ya ada kulipwa. Wapo walimu wanaokubali mwanafunzi aweke mkono kifuani, au aketi kwa utulivu wenzake wanapoinama. Katika mafunzo binafsi maafikiano haya ni mepesi zaidi, kwa kuwa hakuna umati wa kushangaa. Mavazi nayo hayana ugumu: suruali na koti la mazoezi ni mapana, fulana ya mikono mirefu huvaliwa ndani, na mtandio wa kitambaa kinachonyumbuka, usio na pini, huhifadhi stara bila kuhatarisha shingo.

Kabla ya kulipa

Tunawashauri wazazi waende kwanza kutazama darasa zima bila mtoto. Wamtazame mwalimu anavyomshika aliye dhaifu kuliko wote ukumbini, kwani hapo ndipo tabia yake huonekana. Waulize alijifunza kwa nani, ana daraja gani na nani alilitoa. Waulize kama mkeka ni wa kutosha na kama yupo mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza. Walipe kwa masomo machache, wasilipe mwaka mzima kwa mkupuo. Na baada ya kila somo wamuulize mtoto swali jepesi: leo umefundishwa nini, na umejisikiaje? Kisha wamsikilize mpaka amalize.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu, wala si yule tu awaangushaye wenzake kwa mieleka. Mtoto anayejifunza kumbana mwenzake kisha akamwachia kwa wakati, ameanza kuionja maana hiyo. Lakini hawezi kujifunza kuichunga amana ya mwili wa mwenzake kwa mtu asiyeichunga amana ya mwili wake yeye. Mwalimu wa namna hiyo hutafutwa kwa macho yaliyo wazi, katika chumba ambacho mlango wake nao u wazi.