Vazi la Usukani Lichaguliwe kwa Mkono, Si kwa Jicho

Katika vitu vyote vilivyomo ndani ya gari, hakuna kinachoguswa na mkono wa dereva kwa muda mrefu kuliko usukani. Kanyagio hukanyagwa na kuachwa, gia hubadilishwa na kuachwa, lakini usukani hushikwa tangu gari linapoondoka hadi linaposimama. Dereva wa daladala anayetoka Mbagala alfajiri na kurudisha gari usiku huwa ameushika usukani kwa saa nyingi kuliko kitu kingine chochote alichokigusa siku hiyo. Naye mfanyakazi mwenye gari dogo la kupelekea watoto shule, ijapokuwa haushiki kwa saa nyingi kama hizo, ameyaweka mikononi mwake maisha ya wote waliokaa nyuma yake.

Madhali hivyo ndivyo, inashangaza kuona jinsi kava la usukani linavyonunuliwa kwa pupa. Machinga hupita katikati ya foleni kwenye mataa, makava yakining'inia begani. Kabla taa nyekundu haijageuka kuwa ya kijani, bei imekwisha kupatanwa na kava limetupwa kwenye kiti cha abiria. Limechaguliwa kwa sababu ni jekundu, au kwa sababu linang'aa. Hakuna aliyepima. Jioni linavalishwa, na tangu siku hiyo gari huendeshwa kwa usukani uliovaa nguo isiyo ya kipimo chake.

Kosa si la machinga, kwani yeye huuza kinachotakiwa. Kosa ni la sisi wanunuzi tunaodhani kwamba kava ni pambo, kama ua la plastiki mezani. Kava ni sehemu ya chombo cha kuongozea gari, na yafaa lichaguliwe kwa uangalifu uleule tunaochagulia matairi.

KAZI YAKE NI NINI?

Usukani wa magari mengi ni duara la chuma lililofunikwa kwa plastiki ngumu au kwa povu gumu. Baada ya miaka kadhaa jua, jasho na mafuta ya viganja huula uso huo. Mwingine hunata kama uliopakwa utomvu, na mwingine hulainika hata ukateleza. Mengi ya magari yanayoletwa nchini yametumika huko yalikotoka, kwa hiyo huja yakiwa na sukani zilizokwisha kuchoka.

Kava zuri la ngozi hutibu mambo mawili. Kwanza, ngozi hushikika vizuri, na hivyo dereva halazimiki kukaza vidole safari nzima. Pili, hunyonya jasho kidogo badala ya kuliacha litande kati ya kiganja na plastiki. Katika hali ya hewa ya pwani faida hiyo si ndogo. Ngozi yenye matundu madogo madogo hufaa zaidi kwa mtu ambaye viganja vyake hutoka jasho jingi.

Lakini faida zote hizo hugeuka hasara endapo kava linacheza. Dereva anapokata kona ghafla kumkwepa mwenda kwa miguu, mikono yake huzunguka pamoja na kava, ilhali usukani uliomo ndani umebaki nyuma. Gari haliendi alikokusudia. Kwa sababu hiyo lazima isemwe wazi kwamba kava linaloteleza ni baya kuliko usukani mtupu. Usukani mtupu unaoteleza humwonya dereva kila siku, lakini kava bovu humdanganya mpaka siku ya hatari.

KIPIMO KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, pima usukani wako. Zungusha uzi juu ya ukingo wa nje wa usukani mpaka ncha mbili zikutane, kisha uulaze uzi huo kwenye futikamba. Gawanya urefu uliopata kwa 3.14, nawe utapata kipenyo. Mathalani, uzi wenye urefu wa sentimita 119 unaonyesha kipenyo cha sentimita 38 hivi. Sukani nyingi za magari madogo huwa kati ya sentimita 36 na 39, na za malori na mabasi makubwa huzidi hapo kwa kiasi kikubwa. Makava mengi huandikwa kipimo chake kwenye mfuko. Usikubali kuambiwa kwamba “hili linaingia gari lolote”.

Kipimo cha pili, ambacho wengi hukisahau, ni unene wa mahali pa kushika. Zungusha uzi kwenye sehemu hiyo, kama unayepima kifundo cha mkono. Ukivalisha kava nene juu ya usukani ambao tayari ni mnene, mwenye vidole vifupi hataweza kuukamata barabara. Mume na mke wanaoendesha gari moja hawana budi kulijaribu wote wawili. Vidole vikizunguka na kukaribia kukutana na gumba, unene unafaa. Vikibaki mbali, tafuta kava jembamba zaidi.

NGOZI NA KILE KINACHOJIITA NGOZI

Neno “ngozi” dukani lina maana nyingi. Iko ngozi halisi ya ng'ombe. Iko reksini, ambayo ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Iko pia ile iliyotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hii ya tatu hupendeza siku ya kwanza, kisha hubanduka magamba na kuchafua viganja.

Usihukumu kwa uso wa juu, kwa maana plastiki inaweza kupigwa chapa ya vinyweleo. Geuza kava utazame upande wa ndani na penye ukingo uliokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpango, na hali reksini huonyesha kitambaa kilichofumwa. Ikunje kwa vidole: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana. Inuse pia. Baadhi ya watu hutia tone la maji kuona kama litanyonywa, lakini ngozi iliyopakwa rangi nzito huweza kuyakataa maji ingawa ni halisi. Kwa hiyo jaribio hilo peke yake halitoshi. Wala usiwashe kiberiti katika duka la watu.

Unene wa kama milimita moja hadi moja na nusu unatosha. Aidha, yafaa kujua kwamba ngozi hutengenezwa kwa njia mbili kubwa. Moja ni kutumia dawa ya kromi, inayotoa ngozi laini na yenye kustahimili unyevu. Ya pili ni kutumia maji ya magome ya miti, kama yale ya miwati inayopandwa Njombe, ambayo hutoa ngozi ngumu zaidi inayofaa mikanda na soli. Kwa usukani chagua ile laini, kwani inakubali kuvutwa na kulifuata duara bila kufanya makunyanzi.

Fundi viti wengi mijini huweza kukata na kushona kava kwa kipimo cha usukani wako. Ukimpelekea kazi, kagua kipande cha ngozi kabla hakijakatwa. Kovu la chapa ya moto iliyopigwa ubavuni mwa ng'ombe, au alama ya kisu cha mchunaji, ni mahali dhaifu. Makovu hayo huishusha thamani ngozi ya mfugaji, na yakiangukia kwenye mshono wa kava lako, hapo ndipo litakapoanza kuchanika.

KULIVALISHA

Makava ni ya aina mbili: lile la kuvika, lenye pete ya mpira ndani, na lile la kushona kwa mkono.

Kwa aina zote mbili, anza kwa kuosha usukani kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha uukaushe kabisa. Usipake gundi. Kagua kama usukani una ufa, kwa kuwa kava si bandeji. Usukani uliopasuka, unaotetemeka gari likienda kasi, au unaocheza kabla magurudumu hayajageuka, ni mgonjwa wa kupelekwa kwa fundi, si wa kuvishwa nguo mpya.

Kava la kuvika liache juani kwa dakika 15 au 20 lilainike. Nyoosha magurudumu, anzia juu ya usukani, na mtu wa pili ashikilie hapo. Vuta kushoto na kulia kwa kadiri moja mpaka ufike chini. Sehemu ya mwisho itasumbua, isukume kwa gumba. Usitumie bisibisi, itatoboa ngozi. Kava zuri la aina hii huvalishwa kwa taabu, na lile linaloingia bila jasho litatoka bila jasho.

Kava la kushona lataka subira ya saa mbili au tatu, lakini hukaa imara zaidi. Ngozi yake hukatwa nyembamba kidogo kuliko mzunguko wa mahali pa kushika. Penye mzunguko wa sentimita 10, kwa mfano, upana wa sentimita 9 na nusu hufaa, ili kingo zivutwe zikutane. Weka kiungo cha ngozi chini ya usukani, kisha libane kava kwa vibanio vya kuanikia nguo. Tumia uzi wa nailoni uliopakwa nta, sindano mbili butu na kastabani ya kulinda kidole. Kata uzi mara nne ya urefu wa sehemu unayoshona. Mshono uwe upande wa ndani wa duara, usigusane na viganja. Kaza kila baada ya mishono michache, kwa sababu mshono uliolegea huwezi kuukaza baadaye bila kufumua. Panapofika mikono ya usukani, yaani vile vipande vinavyouunganisha na katikati, kingo haziwezi kukutana. Pitisha uzi kwenye ukingo wa ngozi peke yake na uendelee ng'ambo. Fundo lifichwe chini ya ngozi.

KATIKATI PASIGUSWE

Katika magari mengi ya siku hizi mna mfuko wa hewa katikati ya usukani, na herufi SRS au neno AIRBAG huandikwa hapo. Gari linapogonga, mfuko huo hufumuka kwa nguvu ya mlipuko mdogo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa hiyo kava lisifike katikati, wala pasibandikwe nembo, kito wala ua. Mnamo Machi 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliwaonya madereva juu ya mapambo ya vito vya bandia yanayobandikwa hapo, baada ya dereva mmoja kupofuka jicho pale pambo lilipong'oka katika ajali na kumpiga usoni. Kadhalika, usimruhusu mtu asiye na ujuzi aufungue mfuko huo kwa kisingizio cha kushona vizuri. Kava la ukingo halihitaji kufungua kitu chochote.

NANI ALIPE?

Katika magari ya biashara pana jambo la kuangaliwa kwa haki. Mwenye gari hupokea hesabu yake kila jioni, na dereva hubaki na kinachozidi. Usukani ukichakaa, mara nyingi dereva ndiye hutoa fedha mfukoni kununua kava, na mwenye kipato cha kubahatisha atanunua lililo rahisi kuliko yote. Kesho deiwaka huchukua gari hilohilo, na hajui kwamba kava linateleza. Mwenye gari anayenunua breki na matairi anunue na kava pia. Kava ni sehemu ya matengenezo ya gari, na abiria waliojaa nyuma hawakuulizwa kama wako tayari kubeba hatari ya kuokoa fedha hizo kidogo.

MATUNZO

Futa kava mara kwa mara kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha lipanguse likauke. Wakati wa masika ngozi huota ukungu upesi, basi usiliache likiwa na maji. Gari likiegeshwa juani, funika usukani kwa kipande cha khanga. Usilipake mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka wala vile vimiminika vya kung'arishia plastiki, kwani kinachong'arisha hutelezesha.

Limebaki jaribio moja, ambalo halina gharama. Zima gari ukiwa umelisimamisha mahali tambarare, chomoa ufunguo, na uzungushe usukani kidogo mpaka ujifunge. Sasa likamate kava kwa mikono miwili na ulisokote kwa nguvu zako zote, kama unayekamua nguo nzito. Lisiposogea, washa gari na ugeuze usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uone kama kava haligusi mkono wa indiketa wala halizuii honi. Likisogea hata kwa upana wa ukucha, livue leo, kabla ya safari ya kesho. Fedha uliyolinunulia imekwisha kupotea, lakini waliomo garini bado wanaweza kufika salama.