Je, Tulikate Paa la Peugeot ya Babu?

Tulipofunga shule mwezi wa Aprili nilikuta mabishano makali nyumbani kwetu Seme, na hayakuwa juu ya shamba wala mahari. Yalikuwa juu ya paa la gari. Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1980, saluni ya milango minne, rangi ya maziwa iliyopauka, ambalo marehemu babu aliliacha chini ya mwembe. Baba mdogo, anayefanya kazi mjini Kisumu, anataka paa lake likatwe na kushushwa ili gari lionekane bapa kama yale ya sinema za Marekani. Baba hataki hata kusikia. Mimi, kwa sababu nimewahi kusema mbele yao kwamba napenda Fizikia, nikaambiwa, "Haya msomi, tuelezee. Inawezekana ama haiwezekani?"

Basi nilizunguka kwa mafundi wa bodi pale Kibuye, nikauliza, nikapima, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata. Pengine nawe kwenu mna gari kuukuu na jamaa mwenye mawazo kama haya.

Kwanza, ni nani aliyeanza kukata paa? Ni vijana wa California, Marekani. Kabla na baada ya Vita Vikuu vya Pili walikuwa wakishindanisha magari kwenye maziwa yaliyokauka, mahali tambarare kama meza. Gari lenye paa refu husukumana na upepo mwingi, kwa hivyo walipunguza nguzo za madirisha ili paa lishuke na upepo upite. Baadaye mbio zikasahauliwa, ukabaki urembo. Fundi mmoja wa Los Angeles, Sam Barris, alilikata Mercury la mwaka 1949 likawa mfano wa kuigwa na wengi. Kwa hivyo baba mdogo hakuota ndoto ya peke yake. Huku kwetu ukataji tunaoujua zaidi ni ule wa njaa: mtu anachukua saluni iliyochoka, anakata nyuma, anaifanya pikapu ya kubebea samaki au matofali. Hiyo nayo ni kukata paa, ila hakuna anayeiita sanaa.

Sasa tuje kwa 504. Gari hili lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na umbo lake lilichorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Hapa Kenya liliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha AVA. Kaka yake, 404, alishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Lenyewe likashinda mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa lile la milango miwili lenye injini ya V6. Wazee wetu lakini hawalikumbuki kwa rally. Wanakumbuka zile ndefu za abiria, watu wamebanana kutoka Kisumu hadi Nairobi na mizigo imefungwa juu ya keria. Wanakumbuka pia kwamba juu ya keria hiyo hiyo ndipo jeneza lilipofungwa mtu alipofia mbali na ikabidi arudishwe kuzikwa nyumbani. Paa la gari letu lina mabonde mawili madogo, moja kila upande. Nilidhani ni mikwaruzo ya maembe. Baba akaniambia hapana, ni alama za keria iliyombeba baba yake babu kutoka Nakuru. Nilipojua hivyo nikaelewa ni kwa nini baba anainuka na kwenda zake kila mjadala unapoanza.

Tuache machozi, turudi kwenye chuma. Fundi wa kwanza niliyemwuliza alicheka akasema, "Kukata ni asubuhi moja na grinda. Kurudisha, ndugu yangu, ni mwaka." Akanionyesha sababu kwa kidole.

Nguzo za madirisha hazisimami wima. Za mbele zinalalia nyuma, za nyuma zinalalia mbele, na zote zinaelekea ndani kidogo, kwa hivyo juu ya gari ni padogo kuliko chini. Tuseme nguzo inalala sentimita 3 kwa kila sentimita 10 za kimo. Ukitoa kipande cha sentimita 8 na kushusha paa moja kwa moja, ncha za nguzo ya mbele zitapishana kwa sentimita 2.4. Nyuma vilevile 2.4. Jumla paa ni fupi kwa sentimita 4.8! (Wale mnaolalamika kwamba hesabu za pembe hazina kazi baada ya mtihani, mpo?) Itabidi fundi alikate paa katikati, alivute na kuongeza bati, kisha achomelee bila joto kulipinda. Kabla ya yote hayo anatakiwa kuchomelea mabomba ya chuma ndani ya gari, toka nguzo hadi nguzo, na kupima mshazari wa kila mlango, maana bodi likishalegea halirudi. Kisha fremu za milango nazo zikatwe zifuate. Kwa 504 yetu hiyo ni milango minne, siyo miwili.

Halafu vioo. Hapa ndipo wengi hukwama gari likiwa limeshakatwa. Vioo vya pembeni ni vya kuchemshwa, vile vinavyovunjika na kuwa punje punje. Kioo cha namna hiyo hakikatwi hata na bingwa. Ukikigusa na mkasi wa kioo chote kinamwagika. Lazima utafute kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ndicho kinachokatika. Kioo cha mbele kikiwa cha tabaka kinaweza kupunguzwa, lakini kimepinda, na kinaweza kupasuka mikononi mwa fundi. Cha nyuma ni afadhali kulazwa kuliko kukatwa. Na vya akiba usidhani utaagiza tu kutoka ng'ambo.

Baba mdogo akasikia haya akabadilisha wimbo. "Basi tuondoe paa lote, liwe wazi. Si hata wenyewe walitengeneza 504 ya wazi?" Ni kweli walitengeneza, kuanzia mwaka 1969. Lakini ile haikuwa saluni iliyokatwa. Pininfarina waliitengenezea bodi lake wenyewe, la milango miwili, juu ya sakafu fupi zaidi.

Tofauti hii nilielewa vizuri nilipokuwa Dunga nikitazama mashua zikitengenezwa. Mashua haina paa na bado haijikunji, kwa sababu chini ina mkuku, ule mti mkubwa unaoshika mbele na nyuma, na mataruma yanayoshika mbao za ubavuni. Mercury ile ya Marekani ilikuwa na chasisi, yaani mkuku wake. Ukikata paa, uzito bado umebebwa na chasisi. Peugeot 504 haina mkuku. Sakafu, kuta, nguzo na paa vyote vinashikana kama boksi la viatu. Chukua boksi la viatu ulifunge kwa gundi, jaribu kulipinda. Kisha toa kifuniko ujaribu tena. Gari la namna hiyo likipita barabara ya mashimo litanyonganyonga, milango ikatae kufunga au ifunguke yenyewe. Dawa ipo: kuimarisha vizingiti vya chini na kuongeza vyuma vya kukingama sakafuni. Ndiyo maana gari la wazi mara nyingi huwa zito kuliko lenye paa, ingawa mtu angedhani kinyume.

Tena mkanda wa usalama umefungwa kwenye nguzo ya katikati. Ukiitoa nguzo, mkanda utaushika wapi? Na gari likibingirika, ni nini kitakachobaki kati ya kichwa chako na lami? Sitaki kuongeza neno hapo. Mvua za Kisumu za alasiri nazo mnazijua, zinakuja na radi bila kubisha hodi.

Je, hakuna wakati wa kukata? Upo, na ni lazima niwe mkweli, la sivyo baba mdogo atasema nimenunuliwa. Kama paa limeoza au gari limepinduka likabondeka juu, mwenyewe hupotezi kitu, na fundi ana nafasi ya kujaribu. Kama gari ni la chasisi, kazi ni nyepesi. Na kama mwenyewe anataka gari la maonyesho tu, si la kubeba mama kwenda sokoni, hayo ni mapenzi yake. Ila ajue kwamba mashindano mengi ya magari ya kale hutazama jinsi gari lilivyobaki kama lilivyotoka kiwandani.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alitupa ushauri ambao haukugharimu hata shilingi mia. Piga picha ya gari kutoka ubavuni, ichapishe kubwa, chukua mkasi. Tulifanya hivyo mezani. Tukakata ukanda wa madirisha, tukashusha paa, tukabandika. Baba mdogo akaitazama picha, akaiinua, akaitazama tena. "Inakaa kama paka amenyeshewa," akasema mwenyewe. Tukacheka wote, hata baba. Lakini kesho yake alikuwa ameipunguza kidogo kidogo na picha nyingine, na lazima nikiri ile ya sentimita 5 ilipendeza.

Ndipo dani, aliyekuwa kimya siku zote hizo, akaingilia. Aliketi kiti cha nyuma akiwa na kofia yake ya kanisani, akatuita tuone: kati ya kofia na paa palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. "Sasa mkikata, mimi nitakaa nimeinama kama mwizi? Na mmemwuliza nani ruhusa? Logbook iko kwa jina la nani?"

Hapo sote tukanyamaza. Logbook bado iko kwa jina la babu. Nilirudi kusoma, nikakuta kwamba swali la dani lilistahili kuwa la kwanza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini na mahakama, na adhabu yake ni faini au hata kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kukata paa ni kuingilia, tena kwa grinda! Ikishatoka idhini, gari lihamishwe jina kupitia NTSA, na likibadilishwa umbo, badiliko hilo nalo lipelekwe huko liandikwe, pamoja na ukaguzi. Polisi wa barabarani akikuta logbook inasema saluni na gari halina kichwa, mtaongea mengi.

Kwa sasa paa liko. Fundi mpole alikuja kuchunguza, akakuta kutu kwenye pembe moja tu ya mfereji wa maji juu ya mlango wa nyuma. Baba mdogo ndiye aliyelipa kuzibwa kwake, na aliagiza yale mabonde mawili yasiguswe wala kupakwa rangi. Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa chifu kuomba barua ya kuanzisha kesi ya urithi. Ile picha ya sentimita 5 alikuwa ameikunja, ameitia mfukoni.