Bonde la Msimbazi na Afya ya Wakazi wa Dar es Salaam

Mpango kabambe wa jiji huonekana kuwa kazi ya wapimaji wa ardhi na mahandisi. Ni nadra mtu kuuhusisha na wodi. Hata hivyo, mstari unaotenganisha makazi na bonde la mto ndio unaoamua ni watu wangapi watakaougua au kuumia mvua za masika zinapozidi, na kama wataweza kuifikia hospitali.

Mpango kabambe wa kwanza wa Dar es Salaam ulitolewa mwaka 1949, ukafuatiwa na wa 1968 na wa 1979. Huu wa 1979 uliyahesabu mabonde ya mito, likiwamo la Msimbazi, kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu wakazi 843,090 tu, ilhali ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mbeba mizigo wa Kariakoo alijenga au kupanga bondeni kwa sababu kutoka huko aliweza kwenda kazini kwa miguu. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, nayo ikawakuta watu wamekwisha kuzaa na kulea humo.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini. Wapo waliorejea bondeni, kwani nauli ya kila siku ilishinda kipato chao. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama nyekundu za X na bomoabomoa. Kumwondoa mtu penye hatari ni jambo jema kitabibu, lakini akiondolewa bila mahali pa kwenda, huhamia bonde jingine, na mgonjwa wa kifua kikuu au mwenye kutumia dawa za kufubaza virusi hupotea kwenye daftari la kliniki yake.

Maji ya mafuriko hufukua vyoo vya shimo na kuingia visimani. Hapo ndipo kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia. Mkojo wa panya uliochanganyika na maji hayo huleta homa ya mgunda, ambayo huanza kama malaria na kwa hiyo huchelewa kutambuliwa.

Liko pia suala la barabara, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Barabara ya Morogoro hulivuka bonde pale Jangwani. Upande mmoja iko Hospitali ya Taifa Muhimbili. Upande wa pili ziko Magomeni, Manzese na Ubungo. Maji yakijaa, barabara hufungwa na magari hulazimika kuzunguka katika foleni. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Kwake yeye, kimo cha daraja ni sehemu ya matibabu.

Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, umekusudia kujenga daraja refu Jangwani, kupanua njia ya mto na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Ni mwelekeo mzuri, kwa kuwa ardhi iliyopewa kazi ni rahisi kuilinda kuliko iliyokatazwa tu.

Wakati kazi hizo zikisubiriwa, wahudumu wa kliniki ya wajawazito wanaweza kuuliza mapema mama anaishi wapi na atavuka wapi. Mwenye kidokezo cha hatari ambaye siku zake zinaangukia Aprili au Mei, na anayeishi ng'ambo ya mto, ni vema ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki kadhaa kabla. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa aweke akiba ya dawa ya wiki mbili, pamoja na kadi yake, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kuwekwa juu. Aliyetembea kwenye maji ya mafuriko, kisha akapata homa, maumivu ya misuli ya miguu au macho mekundu, amweleze daktari kuhusu maji hayo, hata kama hakuulizwa.